Magongo ya Nyakio

Ukiwauliza watu wa Nakuru waliokuwa watoto mwaka wa sabini na tatu, watakuanzia habari za Bwana Debe kabla hujamaliza swali. Watakueleza walivyooga mapema Jumamosi ile, walivyojazana kwenye madirisha ya wale wachache wenye televisheni, na Bwana Debe alivyoanguka. Wengine watainuka vitini, watu wazima wenye wajukuu, wakuonyeshe: mguu mmoja juu, debe linabingirika, koti limemfunika kichwa. Watacheka hadi wafute machozi. Kipindi kiliitwa Cheka Uchangie, na wote hukubaliana kwamba hakijatokea kingine kama kile.

Hawajui kwa nini alianguka. Waliojua walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyecheka.

Siku tisa kabla ya kipindi, jioni ya Alhamisi, Peugeot nyeupe ya Micah Nderitu iliingia mtaa wa Free Area polepole ikikwepa mashimo. Watoto waliifuata kama kawaida yao. Aliyewatangulia wote, gauni limepanda juu ya magoti, akikimbia peku na kupiga boneti kwa kiganja, alikuwa Nyakio binti ya Hezekiah Ngigi, mtoto wa miaka minane.

Micah alizima injini akabaki ameshika usukani. Alimjua mtoto yule. Uso wake ulikuwa kwenye mabango mia tano yaliyobandikwa kutoka Subukia hadi Naivasha, amesimama kwa magongo mawili, mguu wa kushoto umefungwa bandeji hadi gotini, na chini maandishi mekundu: NYAKIO HAWEZI KUTEMBEA. WEWE UNAWEZA KUTOA. Picha ilipigwa wodini mwezi wa Februari, usaha ulipokuwa bado ukitoka mfupani. Sasa ilikuwa Juni.

Hezekiah alitoka akijifuta unga wa mbao kwenye suruali. Alikuwa mkata mbao katika kiwanda cha Micah, na tajiri wake hakuwahi kukanyaga mlango wake. Mkewe, Wangare, aliharakisha kwa jirani, Chepchirchir, kuomba sukari. Chepchirchir alimpa, ila aliuliza kwa sauti ya kusikika ploti nzima ya vyumba vya kupanga kama hii ni juu ya ile ya wiki jana. Micah aliisikia. Alikalia kigoda akakishika kikombe bila kunywa, macho yake yakizunguka. Gongo moja lilikuwa nje likiinua kamba ya nguo, kamba iliyobeba mashuka ya Wahindi ambayo Wangare aliwafulia. La pili lilikuwa nyuma ya mlango, ndilo komeo.

"Amepona lini?" akauliza.

"Pasaka, mzee," Hezekiah akajibu. "Daktari mwenyewe alishangaa. Mungu ametenda."

"Ametenda," Micah alikubali bila furaha. "Lakini hii wiki moja angengoja."

Hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka, basi wakatazama chini.

Micah hakuwa mtu wa kelele. Aliwaeleza taratibu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya makao ya watoto walemavu huko Kabazi. Watoto arobaini, wengine wanatambaa kwa makalio, wanangoja vyuma vya miguu na jengo jipya. Watu wa televisheni wamekubali kutoa saa nzima, wachekeshaji wanakuja bure, wakubwa wa mkoa wamealikwa studio Nairobi, na kila mmoja wao ameona bango. Nchi nzima inamngoja Nyakio aingie na magongo yake, atie shilingi ya kwanza kwenye debe.

Hezekiah alikohoa. Akasema kwamba kuna Chepkorir, yule aliyelala kitanda kimoja na Nyakio wodini, ambaye sasa yuko huko Kabazi. Chepkorir kweli hatembei. Si angechukuliwa yeye?

"Uso wa Chepkorir hauko kwenye karatasi." Micah aliweka kikombe chini. "Nikisema huyu amepona, watauliza ile picha ilikuwa ya nini. Unajua wale wa harambee ya maji, walioshikwa mwaka jana?"

"Nilisikia, mzee."

"Unajua wako wapi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Ndiyo nakuuliza."

Nje watoto walikuwa wakihesabu wakiruka kamba, na sauti ya Nyakio ilikuwa juu ya zote. Micah akasema kutoka pazia hadi kwenye debe ni hatua sita. Sita tu, halafu mtoto arudi nyumbani, aendelee na utoto wake. Alipoinuka alimkumbusha Hezekiah kwamba Jumatatu ni siku ya kazi, kana kwamba Hezekiah angeweza kusahau. Kisha akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye kamba, akaling'oa gongo kwa mkono wake mwenyewe. Mashuka manne meupe yakashuka mavumbini. Micah hakuyaona. Alimkabidhi Hezekiah gongo kama mtu anayerudisha kitu kilichopotea.

"Na asikimbie tena," akasema.

Wangare aliyafua upya mashuka yale.

*

Ilionekana kazi ndogo, kumfundisha mtoto kitu alichokifanya mwenyewe miezi minne. Lakini Nyakio alikuwa amesahau. Maumivu yalipoondoka yaliondoka na njia zake zote.

"Ulikuwa unaweka mguu vipi?" mama yake alimuuliza.

"Sikumbuki. Ulikuwa unauma tu."

Basi Wangare alisimama mbele yake, uso kwa uso, akachechemea mwenyewe, na mtoto akamfuata. Mama akivuta mguu, mtoto anavuta. Mama akiinamisha bega, mtoto anainamisha. Kila jioni baada ya chakula walivuka chumba, kutoka kitandani hadi mlangoni, mlango umefungwa ili Chepchirchir asione. Nyakio alipenda. Aliona ni mchezo, na ilikuwa nadra mama yake kucheza.

Siku ya nne Hezekiah, aliyekuwa amelala amechoka, aliinua kichwa.

"Mama Nyakio. Huo si mguu."

Wangare alisimama.

"Bandeji ilikuwa kushoto. Yeye anavuta wa kulia."

Ilikuwa kweli. Wangare alikuwa akivuta wake wa kushoto, na mtoto aliyesimama mbele yake, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, aliuvuta ule ulioelekeana nao. Siku nne nzima walikuwa wamemlemaza mguu mzima. Wakaanza upya, Wangare akiwa nyuma ya mtoto, lakini mwili ulikuwa umeshashika. Hatua tatu sawa, ya nne unarudi kulia. Siku zilibaki mbili. Wangare alitaka kumpiga, akauinua mkono, akauona uso wa mtoto, akaushusha.

Hezekiah ndiye aliyepata dawa. Walikuwa wamemnunulia raba nyeusi za Nairobi, shilingi kumi na mbili, viatu vyake vya kwanza. Alichukua punje kavu ya mahindi akaitia ndani ya kiatu cha kushoto, chini ya kisigino.

"Ukiisikia hiyo," akamwambia, "huo ndio mgonjwa."

Nyakio alitembea. Uso ulikunjamana, mguu wa kushoto ukainuka vizuri, hatua sita, hatua kumi. Alifika mlangoni akageuka.

"Mwalimu wa Sunday school alisema uongo ni dhambi."

"Ulikuwa mgonjwa au hukuwa?" Wangare akamuuliza.

"Nilikuwa."

"Basi si uongo. Unakumbuka kwa mguu."

Mtoto alifikiri. "Na Chepkorir atapata vyuma?"

"Atapata," Hezekiah akasema haraka. Hilo peke yake ndilo aliloweza kusema bila kutazama pembeni.

*

Jumamosi asubuhi Peugeot iliwachukua Hezekiah na mtoto. Nafasi ya mama haikuwepo. Kiti cha nyuma kilijaa mabango. Saa moja jioni Wangare alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule ya Bhagwanti, mgongo wake ukigusa fremu, aproni bado kiunoni. Hakuambiwa akae, na hakukatazwa.

Bhagwanti alikuwa mke wa Gopal, muuza vitambaa, ndio wenye yale mashuka. Televisheni yao ilikuwa na milango ya mbao kama kabati, na siku hiyo ilifunguliwa wazi. Dirishani vichwa vya watoto vilipangana ngazi tatu. Gopal alikaa mbele kabisa, amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tangu Wahindi wafukuzwe Uganda mwaka uliotangulia alikuwa na tabia ya kuvaa koti, kama mtu asiyetaka kuitwa ghafla akiwa hajawa tayari.

Wachekeshaji walikuja mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na mama mnene aliyegombana na kuku, na polisi aliyejikamata mwenyewe. Kisha akaingia Bwana Debe, koti lake likiburura sakafuni, debe la mafuta limening'inia shingoni, na watoto wa dirishani wakaanza kucheka kabla hajafanya kitu. Aliigiza mwendo wa tajiri anayekwenda kutoa mchango, na mwendo wa tajiri yule yule akikimbia asitoe. Kati ya mchezo na mchezo mtangazaji alisoma majina. "Gopal na Wanawe, Nakuru, shilingi elfu mbili." Gopal alitoa pumzi ndefu. Barua yake ya leseni ilikuwa ofisini tangu Machi na haijajibiwa, na mtu wa kamati alikuwa amemshauri kirafiki kwamba jina likisikika husaidia.

Kisha pazia likafunguka, Nyakio akatokea.

Wangare aliangalia chini kwanza, miguuni. Mtoto alikuwa peku. Viatu havikuwepo.

Hatua ya kwanza aliweka mguu wa kushoto vizuri. Ya pili pia. Katikati ya safari Bwana Debe alikuja kumlaki, uso kwa uso, akiyumba na debe lake, akivuta mguu kwa mzaha ili mtoto asione aibu. Nyakio alitabasamu. Alimtazama, akamfuata kama alivyomfuata mama yake, na mguu wa kulia ukaanza kuburura.

Nyuma yake lilitundikwa bango, kubwa kama mlango. Mtoto wa bango na mtoto wa studio walisimama wametazama upande mmoja, wamevaa gauni moja. Kwenye bango bandeji ilikuwa upande wa dirisha la sebule. Nyakio alivuta mguu wa upande wa ukuta. Wangare aliona picha ikianza kusogea, ikipanda polepole kuelekea bango. Alitaka kuizima televisheni. Alifikiri jinsi atakavyovuka sebule ya watu, alikanyage zulia, afunge ile milango miwili ya mbao.

Bwana Debe aliacha kuchechemea. Kwa muda wa pumzi moja aliangalia mguu, akaangalia bango. Kisha akajipiga mwenyewe ngwara. Akaenda juu, debe likatoka shingoni likabingirika sakafuni, koti likamfunika, na kutoka ndani ya koti ikasikika sauti ikiuliza nani amezima taa. Picha ilimkimbilia na kumshika. Dirishani watoto waliangukiana. Gopal alicheka hadi akavua miwani. Nakuru nzima ilicheka, ungeisikia kutoka barabarani.

Bhagwanti hakucheka. Aligeuza shingo akamtazama Wangare mlangoni, kisha akasema vikombe vimekuwa vichafu.

Jikoni aliufunga mlango.

"Ile siku ulikuja na mtoto hapa, bandeji ilifunguka," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alifunga?"

"Wewe, mama."

"Mimi. Kwa mikono yangu. Mguu gani?"

Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, Wangare akayaacha.

"Mimi sikuona kitu, Wangare," Bhagwanti akasema. "Na wewe hukuona vile mkono wa mzee wangu ulitetemeka akiandika ile cheki. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Sisi wote tumetoa," Bhagwanti akasema, akalifunga bomba.

*

Hezekiah alirudi amembeba Nyakio, kwa kuwa Micah hakutaka ashuke garini kwa miguu. Alieleza kwa maneno machache. Kabla ya kipindi mwanamke mmoja wa studio alimtazama mtoto, akasema haonekani maskini, akamvua viatu. Hezekiah alijaribu kumwambia viatu vina dawa ndani. Mwanamke alicheka akamwambia asogee, anaziba taa.

Micah aliendesha hadi Gilgil. Hapo ndipo alipotoa amri. Pesa zilizoahidiwa zingekusanywa hadi Desemba, siku jengo litakapofunguliwa. Hadi siku hiyo, popote jicho la mtu litakapoweza kufika, Nyakio atembee kwa magongo.

Shida ni kwamba Free Area nzima ilikuwa imemwona akiruka kamba. Wangare alisema ugonjwa umerudi. Alishangaa jinsi maneno hayo yalivyotoka kwa urahisi, na usiku wa siku hiyo aliomba Mungu asiyasikie. Majirani walimpa pole, na ndani ya pole zao alisikia kitu kingine. Chepchirchir alikuja kuazima jiko la makaa. Hakulirudisha. Wiki iliyofuata aliazima sufuria kubwa, akisema huku akiliangalia gongo, "Sisi ni watu wa ploti moja, Mama Nyakio. Kama siwezi kuomba kwako, niombe kwa nani?" Wangare alimpa na kifuniko. Akawa anapikia nje juu ya mawe matatu, na kila aliyepita akisalimu aliinuka kumjibu.

Shuleni Nyakio aliwekwa kwenye dawati la mbele. Hakucheza. Watoto walimbebea daftari, na wakati wa mapumziko walimwomba awaonyeshe Bwana Debe alivyoanguka, kwa maana yeye alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote nchini. Walijiangusha wenyewe mmoja mmoja uwanjani, wakamuuliza nani amepatia. Alikaa ukutani na magongo yake akiwahukumu.

Nyumbani, mlango ukifungwa, aliruhusiwa kuyaweka chini. Lakini magari yalipita, na kila gari lilipopunguza mwendo Wangare alisema, "Magongo," na mtoto akayafuata. Baada ya mwezi mmoja hakungoja kuambiwa. Hezekiah kiwandani alipata siku mbili za kazi ya ziada ambazo hakuziomba. Wenzake walimwita Baba Televisheni. Alicheka nao, na kila karani aliyekuja na karatasi alimfanya asimamishe msumeno.

Mwishoni mwa Julai Micah alipita, akabaki garini. Alisema vyuma vya kwanza vimefika Kabazi. Chepkorir amesimama. Aliwaambia hivyo kwa macho yaliyolowa, na hayakuwa ya kujifanya. Alikuwa amemwona mtoto aliyetambaa miaka minane akisimama na kushika dirisha. "Mnaona?" akawauliza. Waliona. Hilo ndilo lililowafunga midomo kuliko ile habari ya watu wa maji.

*

Jumapili moja ya Agosti, baada ya kanisa, mwanamume mwenye mkoba wa ngozi alionekana kwenye lango la ploti akiuliza nyumba ya Hezekiah Ngigi. Amevaa koti la kijivu, kofia mkononi. Chepchirchir alimwonyesha kwa kidole na kwa sauti, kisha akawaingiza watoto wake ndani.

Hezekiah alimwona kupitia ufa wa mabanzi. "Ni wao, wale wa kushika watu," akasema.

Wangare alimtia Nyakio magongo kwapani, akamkalisha kitandani, akamfunga leso mguuni. Akaifungua, akaihamishia mguu mwingine. Fundo liliishia nusu. Hezekiah alivaa shati lake la kanisani tena, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akasema barua ya mwajiri wake ya kukopea karo iko chini ya godoro, na kama hatarudi kesho Wangare aende kwa kaka yake Subukia, asingoje.

"Hodi hapa."

"Karibu."

Mtu aliingia, akainama chini ya kizingiti. Alikuwa mdogo wa umbo, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bandeji iliyochakaa. Aliweka mkoba mezani akaufungua. Wangare alitazama mkoba ule kama mtu anayetazama shimo la nyoka. Kilichotoka kilikuwa kifurushi cha gazeti, na ndani ya gazeti raba mbili nyeusi.

"Ni Bwana Debe," Nyakio akasema.

Hezekiah alikaa chini.

Mgeni alisema jina lake ni Nyongesa, anapita tu akienda kwao Webuye kwenye matanga, na basi lake linaondoka saa kumi. Viatu alivikuta chini ya meza ya studio siku ile ile, ila hakuwa na njia ya kuvileta. Akakiinua kile cha kushoto, akakiinamisha, punje ya mahindi ikadondokea kiganjani mwake.

"Hii nayo ni yenu," akasema.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

"Mzee," Hezekiah akaanza, "sisi hatukutaka..."

"Mimi sikuuliza." Nyongesa aliiweka punje mezani. "Mimi kazi yangu ni miguu. Naiga vile watu wanatembea, mwaka wa kumi na moja sasa. Mtu akiumwa mguu, bega linajua kabla. Bega la huyu halikuwa na habari. Halafu nikaona kamera inaenda kwa bango, nikasema afadhali ije kwangu."

"Na mkono?" Hezekiah akauliza.

"Ulivunjika. Haukuungwa vizuri. Siku hizi debe nalibeba na huu mwingine, watu wanafikiri ni mchezo mpya." Aliangalia magongo, kisha leso iliyofungwa nusu. "Wamesema mpaka lini?"

"Desemba," Wangare akasema.

Nyongesa alitikisa kichwa. Chai alikataa, kisha alipoona Wangare anavyoaibika akakubali. Alikunywa akiwa amesimama, akisimulia habari ya mlevi mmoja wa Kariokor ambaye alimwigiza jukwaani miaka mitatu mfululizo, hadi mke wa Nyongesa mwenyewe akamkalisha chini kumuuliza ameanza kunywa lini. Hezekiah alicheka. Wangare naye alicheka, kidogo, akajifunika mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka ndani ya chumba kile tangu Juni. Hofu ilikuwa imeketi nao muda mrefu hivi kwamba ilipoinuka waliuona ukubwa wa chumba.

"Muachisheni leo," Nyongesa akasema. "Nje mkitaka awe nayo, sawa. Humu ndani muachisheni."

"Humu ndani hana shida," Wangare akamhakikishia. "Mlango ukifungwa anatembea vizuri kabisa."

Nyongesa aliyachukua magongo kutoka kwapani mwa mtoto akayaegemeza ukutani. Alimfungua leso. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni, akachuchumaa, viatu vikining'inia kwenye vidole vya mkono wake mzima.

"Njoo uchukue viatu vyako," akasema. "Tembea tu vile unatembea."

Nyakio aliteremka kitandani. Alikuwa anatabasamu, alimpenda mtu huyu. Alipiga hatua ya kwanza, na ya pili, na mguu wa kulia, ule ambao haujawahi kuugua hata siku moja, ulibaki nyuma ukiburura sakafuni, na bega la upande ule likainama kabla yake.

Nyongesa aliacha kutabasamu.

"Acha sasa," Wangare akamwambia mtoto. "Huyu si mtu wa kamati."

Nyakio alisimama katikati ya chumba. Aliitazama miguu yake, mmoja, halafu mwingine.

"Nimeacha, mama," akasema.